Nyimbo Zangu za Roki ya Kikristo, na kwa Nini Napendelea Zinazouliza

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Katika uzi mwingine humu, mchangiaji mmoja aliandika kwamba roki ya Kikristo ni kelele zilizobatizwa, na kwamba mtu mzima hawezi kuambulia neno la Mungu katikati ya magitaa yanayonguruma. Sikumjibu pale kwa sababu uzi ule ulihusu kwaya, na sikutaka kuutoa kwenye reli. Namjibu hapa kwa kutaja nyimbo ninazozipenda pamoja na sababu za kuzipenda. Nitangulie kusema jambo moja ili msomaji ajue naelekea wapi: nyimbo zilizodumu nami karibu zote ni zile zinazouliza, zinazolalamika au zinazolia. Zile zinazotangaza ushindi kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho nimezisikiliza, nimezifurahia, kisha zimenitoka.

Naanza na mwanamke ambaye wengi wakiorodhesha roki ya Kikristo humsahau kabisa. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas, akalelewa katika kanisa la Church of God in Christ, ambako mama yake alikuwa mwinjilisti na mwimbaji. Mwaka 1944 alirekodi "Strange Things Happening Every Day" akiwa na gitaa la umeme, na mwaka uliofuata wimbo huo ukafika nafasi ya pili katika chati ya Billboard ya muziki wa Wamarekani weusi, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wimbo wa injili. Wakati huo Elvis Presley alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Wapo wanahistoria wa muziki wanaouhesabu wimbo huu miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za roki, na ukisikiliza jinsi anavyolichokoza gitaa katikati ya beti utaelewa sababu. Kwa hiyo mtu anayesema kanisa liliazima roki kutoka kwa shetani ana kazi ya kutueleza ilikuwaje mtoto wa mwinjilisti akaipiga mapema kiasi hicho.

Ninachokipenda katika wimbo wenyewe ni kicheko chake. Tharpe anastaajabia mambo ya ajabu yanayotokea kila siku, anawaonya waongo wanaojifanya watakatifu, lakini hapandi mimbarini. Anaimba kama shangazi anayejua siri za nyumba nzima na ameamua kuzisema huku akitabasamu. Washirika wengi walimlaumu kwa kuimba katika kumbi za starehe, na lawama hizo zilimfuata kwa miaka mingi. Ipo filamu ya televisheni iliyopigwa mwaka 1964 katika kituo cha treni kisichotumika tena mjini Manchester, Uingereza, ambako mvua ilikuwa imenyesha, naye akaamua kufungua kwa wimbo kuhusu gharika ya Nuhu. Amevaa koti zito, anaunganisha gitaa, anaanza kupiga, na vijana wa Kiingereza walioketi ng'ambo ya reli wanapiga makofi ambayo hayaendi na mdundo. Alifariki mwaka 1973, na heshima ya kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame haikumfikia hadi mwaka 2018.

Wa pili ni Larry Norman. Albamu yake "Upon This Rock", iliyotolewa na kampuni ya Capitol mwaka 1969, hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyofungua njia kwa roki ya Kikristo kama tunavyoijua, katika zama ambazo vijana wa California wenye nywele ndefu walikuwa wakiokoka kwa makundi na kubatizwa baharini. Watu wengi wakimtaja Norman hukimbilia wimbo wake uliouliza kwa nini shetani ajichukulie muziki wote mzuri. Ni wimbo wa kuchangamsha, nami sina ugomvi nao. Hata hivyo, katika albamu hiyohiyo iliyoubeba, "Only Visiting This Planet" ya mwaka 1972, kuna wimbo mwingine uitwao "The Great American Novel", na huo ndio ninaourudia. Una gitaa tulivu na maneno mengi, ambayo ndani yake Norman anaiuliza nchi yake inawezaje kujiita ya Kikristo huku watu weusi wakiuawa na makundi ya wabaguzi, vijana wakipelekwa Vietnam, na fedha zikitumika kwenda mwezini ilhali wapo wenye njaa duniani. Mwaka huo vijana makumi ya maelfu walikusanyika Dallas katika mkutano wa Explo '72, ambako Billy Graham alihubiri na Norman akapanda jukwaani pamoja na wasanii kama Johnny Cash. Angeweza kubaki na nyimbo za kupigiwa makofi, lakini albamu yake ya mwaka huo imebeba na mashtaka. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka albamu hiyo katika orodha yake ya mwaka 2013 ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kutoka hapo naruka hadi Chicago. Resurrection Band ilikuwa bendi ya jumuiya ya Jesus People USA, watu walioishi pamoja na kula chungu kimoja katika mtaa maskini wa jiji hilo. Glenn Kaiser na mkewe Wendi waliimba kwa sauti za kukwaruza ambazo kwaya nyingi zingezikataa siku ya kwanza ya mazoezi. Albamu yao ya mwaka 1979, "Rainbow's End", ina wimbo uitwao "Afrikaans" unaoshambulia ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Kwa sisi wa Tanzania mwaka huo una uzito wake: tarehe 6 Aprili 1979 Solomon Mahlangu, kijana mpigania ukombozi wa Afrika Kusini, alinyongwa Pretoria, na shule ya chama chake cha ANC iliyokuwa ikijengwa Mazimbu, Morogoro, ikapewa jina lake. Sidhani kama Kaiser na wenzake walikuwa na habari za Mazimbu. Hata hivyo, wakati serikali iliyosimamia ubaguzi ule ilikuwa ikijitetea kwa Biblia, na Wakristo wengi wa Marekani wakiona kwamba jambo hilo haliwahusu, bendi ya roki ya kanisa ilisimama na kuimba kuwa ni dhambi. Gitaa lao linaumiza masikio, na nadhani ndivyo walivyokusudia.

Sasa nifike kwenye wimbo ambao, nikilazimishwa kubaki na mmoja tu, ndio nitakaobaki nao: "40" wa U2, bendi ya Ireland, unaofunga albamu ya "War" ya mwaka 1983. Ulitungwa dakika za mwisho studioni Dublin, muda wao ukiwa unakaribia kwisha. Mpiga besi Adam Clayton alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo mpiga gitaa The Edge akapiga besi mwenyewe. Mwimbaji wao, Bono, alifungua Zaburi ya 40, ambayo wengi wetu tunaijua kwa ghibu: "Nalimngoja Bwana kwa saburi, akaniinamia akakisikia kilio changu." Zaburi hiyo ni ya shukrani. Mtu ametolewa katika shimo na udongo wa utelezi, miguu yake imesimamishwa mwambani, na wimbo mpya umetiwa kinywani mwake. Angeishia hapo tungekuwa na pambio zuri. Lakini kiitikio hakitoki katika Zaburi ya 40, kimechukuliwa kutoka Zaburi ya 6, kwenye kilio cha "hata lini?" Yaani mtu aliyekwisha kuokolewa shimoni anasimama juu ya mwamba na bado anauliza: hata lini?

Kwangu mimi hapo ndipo penye ukweli wa maisha ya imani kuliko katika mahubiri mengi niliyoyasikia. Ushuhuda tunaozoea kuusikia una mstari mmoja ulionyooka: nilikuwa mgonjwa, nikaombewa, nikapona, amina. Anayetoa ushuhuda huo mara nyingi amepona kweli, lakini nyumbani ana mtoto ambaye hajapona, na hilo halisemwi kwa sababu lingeharibu ushuhuda. Wimbo wa "40" unayabeba yote mawili kwa pamoja, wala haujaribu kuyapatanisha. Kwa miaka mingi U2 waliutumia kufungia matamasha. Wanamuziki walikuwa wakiondoka jukwaani mmoja baada ya mwingine, huku uwanja mzima ukiendelea kuimba swali lile bila wao. Ikumbukwe pia kwamba miaka michache kabla ya hapo watatu kati yao, wakiwa katika kikundi cha maombi kilichoitwa Shalom, walikaribia kuiacha bendi kwa kudhani kwamba roki na wokovu havikai nyumba moja.

Bendi za Petra na Stryper nitazipitia haraka, ingawa najua zina mashabiki humu. Petra, walioanza Indiana mwaka 1972 chini ya Bob Hartman, walifanya kazi kubwa na ya heshima, na wana tukio moja linalonifurahisha hadi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahubiri wa Marekani walikuwa wakidai kwamba santuri za roki zikichezwa kinyumenyume hutoa ujumbe wa kishetani (hapa kwetu uvumi wa namna hiyo ulikuja baadaye ukiwa na jina la Freemason). Petra wakaweka kwa makusudi, katika albamu ya "More Power to Ya" ya mwaka 1982, maneno yanayosikika sawasawa tu ukiirudisha nyuma, yakimuuliza msikilizaji kwa nini anamtafuta shetani badala ya kumtafuta Bwana. Hilo ni jibu safi. Stryper nao, katika mavazi yao ya njano na nyeusi, wakirusha Agano Jipya kwa watazamaji, walifikisha jina la Yesu katika kumbi ambazo mchungaji asingeingia. Nawapa heshima yao. Nyimbo zao zinanipa nguvu ya kuosha gari.

Miaka ya 1990 naichukulia dc Talk, vijana watatu waliokutana katika Chuo Kikuu cha Liberty, Virginia, mmoja mweusi na wawili weupe. Albamu yao ya mwaka 1995 inajulikana zaidi kwa wimbo uliobeba jina lake, "Jesus Freak", ambao ulikuwa kama nembo ya kizazi kizima. Mimi napendelea "What If I Stumble?" Unaanza kwa sauti ya mwandishi Brennan Manning akisema kwamba chanzo kikubwa cha watu kumkana Mungu ni Wakristo wanaomkiri kwa midomo na kumkana kwa maisha yao. Kisha waimbaji, ambao wakati huo walikuwa kileleni, wanauliza itakuwaje wakijikwaa mbele ya watu wote. Kwa namna makanisa yetu yanavyowabeba waimbaji na watumishi mabegani kana kwamba si wanadamu, swali hilo lilistahili kuimbwa kabla mtu hajaanguka.

P.O.D. ni vijana wa San Diego, karibu kabisa na mpaka wa Mexico, waliochanganya roki nzito, rap na rege. Tarehe 5 Machi 2001 mwanafunzi alifyatua risasi katika shule ya Santana High, Santee, akaua wenzake wawili na kujeruhi wengine 13. Bendi ilikuwa ikifanya mazoezi jirani na pale, na kutokana na tukio hilo wakatunga "Youth of the Nation". Beti zake zinasimulia habari za vijana mbalimbali: mmoja anauawa akiwa shuleni, msichana mmoja ametelekezwa na baba yake, mwingine hakupata mahali pa kukubalika. Kiitikio kinaimbwa na watoto. Wimbo hautoi mwaliko wa kuokoka wala mstari wa Biblia, na kwa sababu hiyo wapo waliosema haustahili kuitwa wa Kikristo. Nadhani hawakuusikiliza vizuri. Anayewahesabu watoto waliopotea kwa kuwataja mmoja mmoja anafanya kazi ya mchungaji aliyewaacha tisini na tisa. Albamu iliyoubeba, "Satellite", ilitoka Septemba 11, 2001, siku ambayo Marekani nzima ilikuwa imeduwaa mbele ya televisheni, na iliuza nakala zaidi ya milioni tatu nchini humo.

Namalizia upande wangu na "Flood" wa Jars of Clay, wimbo wa mwaka 1995 uliotoka katika albamu ya vijana wa chuo cha Greenville, Illinois, ukapigwa hadi katika redio zisizo za dini. Magitaa yake si ya umeme mtupu, fidla na chelo zinaingia katikati, na mwimbaji analia kama mtu ambaye maji yamemfika shingoni na hajui kama atainuliwa. Ni maombi mafupi yasiyo na mapambo. Wana bendi hao baadaye walianzisha shirika la Blood:Water, linaloshughulikia maji safi na UKIMWI barani Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, na mradi wao wa visima elfu moja ulikamilika. Hilo haliufanyi wimbo kuwa bora zaidi, lakini sikuona vyema nilipite kimya.

Karibuni kwa michango.

Jibu la kwanza

Mkuu, uzi umetulia, ila nina pingamizi. U2 si bendi ya roki ya Kikristo. Hawakuwahi kusajiliwa na kampuni ya muziki wa injili, wamo wanaovuta sigara na kunywa, na nyimbo zao nyingi ni za mapenzi na siasa. Ukiwaingiza hao, itabidi umwingize na Bob Dylan, ambaye mwaka 1979 alitoa albamu nzima ya injili na kupata tuzo ya Grammy kwa "Gotta Serve Somebody". Mpaka utauweka wapi?

Mleta uzi

Mkuu, Dylan namwingiza bila kusita. Sikumtaja kwa sababu wimbo ule unanipa amri, nami nilisema nakusanya maswali. Kuhusu mpaka, tukumbuke kwamba jina "muziki wa Kikristo" kama aina ya bidhaa lilikomazwa na maduka ya vitabu vya dini na vituo vya redio vya Marekani, waliohitaji kujua rafu ipi iuze nini. Tharpe alirekodiwa na Decca, Norman alianzia Capitol, na "Satellite" ilitolewa na Atlantic. Tukifuata kigezo cha kampuni, tutawatoa wote hao na kubaki na wale waliouza ndani ya uzio. Mimi nautazama wimbo wenyewe: unamwelekea nani, na unasema naye kwa unyofu kiasi gani. "40" ni zaburi inayoimbwa na watu wanaomaanisha. Habari za sigara tuwaachie mapafu yao.

Jibu la pili

Wanangu, mimi ni mwanakwaya wa siku nyingi na muziki huu kwangu ni mgeni. Nimesoma kwa makini. Ninalotaka kuuliza ni hili: je, ni sawa kumlalamikia Mungu kwa hasira na makelele? Tenzi zetu zina huzuni, lakini ni huzuni yenye adabu. Tena nina kijana nyumbani anasikiliza kundi linaloitwa Skillet, na wimbo wake mmoja unahusu zimwi. Nilimwambia azime. Nimekosea?

Mleta uzi

Shikamoo mama, na asante kwa kuuliza kwa upole namna hiyo.

Kuhusu hasira, nakuomba ufungue Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hulia kisha hugeuka na kusifu kabla hazijaisha, lakini hiyo haigeuki. Inaishia gizani, na bado Waisraeli waliiweka katika kitabu chao cha ibada. Mtu aliyeikusanya hakuona aibu. Sisemi magitaa haya yapelekwe kwenye ibada ya Jumapili asubuhi, kwa maana ibada ni ya kusanyiko zima na inapaswa kumpa nafasi bibi pamoja na mjukuu. Nyimbo nyingi nilizozitaja ni za kusikiliza mtu akiwa peke yake, au akiwa na wenzake wanaojua anachopitia.

Kuhusu kijana wako, wimbo huo ni "Monster" wa mwaka 2009. Wanaouimba wanaongozwa na John Cooper akiwa na mkewe Korey, na ni waumini wasioficha imani yao. Zimwi linaloimbwa ni lile lililo ndani ya mtu mwenyewe, ambalo analiogopa na hawezi kulidhibiti. Ni jambo lilelile analolisema Mtume Paulo katika Warumi 7, kwamba lile asilolipenda ndilo analolitenda. Kwa ladha yangu Skillet wana kelele kuliko maneno, lakini mama, kijana anayesikiliza wimbo wa namna hiyo huenda anajaribu kukwambia jambo. Mwombe auwashe tena, ukae naye, kisha umuulize ni ubeti upi anaoupenda.

Jibu la tatu

Ndugu mleta uzi, nakubaliana na mengi ila umejifunga mno kwenye maswali. Nataka kuweka mezani "Cry Out to Jesus" wa Third Day, bendi ya Georgia, kutoka albamu ya mwaka 2005. Huo haumuulizi mtu chochote. Unamwambia aliyefiwa, aliyenaswa na ulevi na wanandoa wanaokaribia kuachana kwamba wamlilie Yesu, basi. Tulipompoteza mzee wetu, huo ndio ulionisaidia. Swali lisingenisaidia wakati ule. Nilikuwa nayo mengi ya kwangu.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu kwa msiba huo. Wimbo huo naujua, na sauti ya Mac Powell ina uzito wa mtu aliyekwisha kukaa kwenye matanga. Nadhani unafanya kazi kwa sababu kabla ya kutoa jibu unakwenda kwa kila mwenye msiba na kuutaja msiba wake ulivyo, bila haraka. Jibu linalokuja baada ya hapo lina haki ya kuja. Ninazozikwepa ni zile zinazofika na jibu kabla hazijaingia ndani na kuketi.

Kwa walioniuliza pembeni waanzie wapi: tazameni kwanza Tharpe wa Manchester, kisha sikilizeni "War" yote hadi wimbo wa mwisho, kwa sababu "40" ukisikilizwa peke yake hupoteza nusu ya nguvu, unahitaji kwanza vita vyote vilivyoutangulia. Norman aje baadaye, na Resurrection Band wawekwe wakati majirani hawapo. Na mwenye kujua bendi inayopiga roki ya Kikristo kwa Kiswahili, yenye ngoma na gitaa la kweli badala ya kinanda cha kuigiza, aweke jina lake hapa pamoja na mahali albamu inapopatikana.